Aliyeshinda Mlangoni pa Maji

— Paukwa!
— Pakawa.
— Maji yakishuka mlimani?
— Yashuke kwa wote.
— Na akitokea mmoja akayaziba?
— Tumseme.
— Basi kaeni vizuri, tumseme.

Wewe uliye mlangoni, ingia ama toka, baridi inatumaliza. Na wewe acha kucheka, sijasema cha kuchekesha.

Leo sina utamu mdomoni, nawaambia mapema. Tangu asubuhi nasikia neno moja linarushwarushwa humu ndani. Mshindani, mshindani. "Simsalimii yule, ni mshindani wangu." "Mwache aungue, si ni mshindani wako?" Hivi neno hilo mnajua limetoka wapi? Hamjui. Mmelikuta limelala njiani mkalipiga teke. Basi nitawasimulia nilivyosimuliwa na mama yangu, naye kasimuliwa na mama yake. Wasomi kama wana yao, wakae nayo.

Hapo kale, milima ya Upare haijaona barabara wala bati, palikuwa na kijiji kinaitwa Mruma. Mruma haikuwa na mto. Mto ulikuwa juu, mbali, huko msituni. Watu wakashika majembe wakachimba mfereji. Walichimba wanaume. Walichimba wanawake. Walichimba hata wenye mimba. Maji yakashuka, na hakuna aliyesema haya ni yangu peke yangu, maana kila mtu alikuwa na malengelenge mikononi.

Mwisho wa mfereji, ukishapita mashamba ya wengine, palikuwa na mlango wa maji. Msidhani mlango wa mbao wenye komeo. Ni pale mfereji unapogawanyika njia mbili. Panazibwa kwa gogo la mgomba, majani na udongo. Ukiziba kulia, maji yanakwenda kushoto. Ukiziba kushoto, yanakwenda kulia. Basi.

Kulia palikuwa na shamba la Sekiondo. Kushoto palikuwa na shamba la Nakundwa. Na desturi ilikuwa zamu: leo maji kulia, kesho maji kushoto. Mtoto mdogo angeielewa.

Sekiondo huyo alikuwa pande la mtu. Akikohoa kwake, mbuzi wa jirani wanasimama. Ana ng'ombe, ana wake wawili, ana maneno. Nakundwa alikuwa mjane. Mumewe alikufa akamwachia jembe na watoto watatu. Mwaka wa ukame akazika mmoja. Hakuuawa na ugonjwa, aliuawa na njaa, na mama yake anamwangalia. Wakabaki wawili.

Sasa sikilizeni. Mwaka ule mahindi ya Nakundwa yalikuwa yametoa mbelewele. Waliolima wanajua ninachosema. Hindi likitoa mbelewele likakosa maji, ndiyo basi. Utavuna magunzi, na magunzi hayapikwi ugali. Nakundwa alikuwa anayatazama yale mahindi anawaona wanawe wawili humo.

Siku ya zamu yake akaenda mlangoni na jembe. Akakuta maji yanakwenda kulia.

"Jirani," akamwita Sekiondo, "leo ni yangu."

"Ng'ombe wangu wana kiu," akasema Sekiondo. "Ng'ombe hawajui zamu. Ngoja."

Akangoja. Zamu ikapita.

Zamu nyingine ikafika. Nakundwa akaenda. Maji yanakwenda kulia.

"Jirani, leo ni yangu."

"Nina wageni," akasema Sekiondo. "Wageni wataoga nini, jasho? Ngoja."

Akangoja. Zamu ikapita.

Zamu ya tatu ikafika. Nakundwa akaenda. Maji yanakwenda wapi?

— Kulia.

Kulia, tena yanacheka. "Jirani, leo ni yangu."

Mara hii Sekiondo hakutafuta hata sababu. Alikuwa anatafuna muwa. Akatema kapi, akasema, "Wewe mwanamke, unajua mwenye nguvu hupishwa? Basi nipishe."

Jamani, mimi nikifika hapa damu inanichemka, na hata jina la baba yake silijui. Mtu amechimba mfereji kwa mikono yake, anaambiwa apishe. Na watu wanapita, wanaona, wanasema, "Aa, hayo ni yao wawili." Ni yao wawili vipi? Mwizi na aliyeibiwa tangu lini wakawa wawili? Mnyonge hana haki, tunasema, halafu tunatikisa kichwa kana kwamba ni mvua imenyesha. Haki yake imechukuliwa na mtu mwenye jina na nyumba, na nyumba yenyewe mnaijua.

Haya. Nakundwa akaenda kushtaki kwa Mfumwa. Mfumwa ndiye aliyekuwa mtawala wa kule, mwenye kigoda na ngoma. Ngoma yake ilikuwa na sheria moja: neno la Mfumwa likishapigiwa ngoma halirudi. Hata yeye mwenyewe hawezi kulirudisha. Akisema jua ni jeusi na ngoma ikalia, basi mtatembea na mienge mchana.

Mfumwa huyu alikuwa na udhaifu mmoja, na udhaifu huo unatengenezwa kwa miwa. Na pombe nzuri ya miwa pale Mruma ilipikwa kwa nani?

— Kwa Sekiondo.

Mmeshaelewa. Sihitaji kueleza.

Mfumwa akashuka hadi mlangoni pa maji. Akawekewa kigoda. Watu wakajaa. Nakundwa akasema shida yake. Sekiondo akasema yake, kwa sauti kubwa, mara mbili. Mfumwa akafumba macho kidogo, mnajua wale wanaofumba macho ili waonekane wanafikiri. Akafumbua.

"Kesi hii nyepesi," akasema. "Mtapimana nguvu mara tatu. Sekiondo ndiye mkubwa, atachagua namna. Mpaka tumalize, maji yasiende kulia wala kushoto, yamwagwe bondeni. Na atakayeshinda hapa mlangoni, maji yote ni yake mpaka mavuno."

Ngoma ikalia. Ndu, ndu, ndu. Neno likafungwa.

Mmesikia hukumu hiyo? Mjane amekuja kudai zamu yake, anaambiwa akapambane na dume la watu. Na maji yanamwagwa bondeni bure, mahindi yanasimama yanaangalia. Lakini Nakundwa alikuwa amesikia neno moja katika ile hukumu, akalishika, akaenda nalo nyumbani bila kumwambia mtu.

Siku ya kwanza Sekiondo akachagua kuinua jiwe. Kulikuwa na jiwe pale kando ya mfereji, wanawake walisugulia nguo. Sekiondo akalikumbatia, akaliinua hadi kifuani, akalitupa. Nakundwa akalisukuma, jiwe halikujua hata kama limesukumwa. Watu wakacheka. Sekiondo akapiga kifua, "Nimeshinda." Jua lilikuwa halijapanda. Akamshika Mfumwa mkono, wakaenda kwake kunywa, na watu wakatawanyika.

Nakundwa hakuondoka. Akavua kanga ya mabegani, akaingia mferejini, akaanza kuzoa tope. Mfereji ulikuwa umejaa mchanga, hakuna aliyeujali tangu Sekiondo ajifanye mwenye maji. Akazoa. Jua likapanda, akazoa. Jua likainama, akakaa ukingoni akatafuna kiazi alichokuja nacho. Jioni watu wakawa wanarudi kutoka mashambani, wakamkuta, wakamsalimu kama watu wenye adabu wanavyosalimiana jioni.

"Umeshindaje, mama?"

"Nimeshinda salama," akajibu Nakundwa. "Nimeshinda hapahapa mlangoni."

Wakapita. Mbele kidogo wakaambiana, "Maskini, tope limempanda kichwani. Kashindwa na jiwe anasema ameshinda."

Siku ya pili Sekiondo akachagua mieleka. Ndiyo, mieleka, na mjane. Na Mfumwa akakubali. Desturi ilimruhusu mwanamke kuleta kaka yake asimame badala yake, lakini kaka zake Nakundwa walikuwa mbali, ng'ambo ya milima. Akasimama mwenyewe, amejifunga kanga kiunoni. Sekiondo akamsukuma kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika muwa wake. Nakundwa akaanguka chali kwenye tope. Na hapo wakacheka tena, na waliocheka zaidi ni wanawake wenzake, Mungu awasamehe, mimi bado.

"Nimeshinda," akasema Sekiondo. Akaenda na Mfumwa kunywa.

Nakundwa akainuka, akanawa uso kwa maji yale yanayomwagika bure. Akarudi kazini. Siku hiyo akaziba nyufa za ukingo, pale maji yalipokuwa yanavuja. Jioni watu wakapita.

"Umeshindaje, mama?"

"Nimeshinda hapahapa mlangoni. Mnaniona?"

"Tunakuona."

"Basi msisahau kwamba mmeniona."

Siku ya tatu Sekiondo akachagua kujisifu. Alijua mdomo ni wake. Akasimama, akataja baba yake, akataja babu yake, akataja ng'ombe wa babu yake mmojammoja kwa rangi zao. Alitaja hata fahali aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Mfumwa akasinzia, akaamka, bado anatajwa ng'ombe. Zamu ya Nakundwa ikafika. Akasema, "Mimi ni Nakundwa. Mahindi yangu yanakauka." Akanyamaza.

Mfumwa akampa Sekiondo ushindi. Sekiondo akamwambia Mfumwa, "Mbuzi ameshachinjwa." Wakaondoka wanacheka.

Na Nakundwa?

— Akabaki.

Akabaki. Mchana kutwa, na tumbo halina kitu, maana kiazi cha siku hiyo aliwaachia watoto. Jioni watu wakapita.

"Umeshindaje, mama?"

"Nimeshinda na njaa. Lakini nimeshinda hapahapa mlangoni."

Siku ya hukumu ikafika. Kigoda kikaja. Ngoma ikaja. Sekiondo akaja amevaa ngozi mpya, wake zake nyuma yake, na udongo wa kuzibia upande wa kushoto ameshauandaa. Hakutaka kupoteza muda.

Mfumwa akasema, "Kesi imekwisha. Kila mtu ameona aliyeshinda."

"Mfumwa," akasema Nakundwa, "kabla hujafunga, naomba kuuliza maneno matatu."

"Uliza upesi."

"La kwanza nakuuliza wewe. Siku ile ngoma ilipolia, ulisema nini?"

"Nilisema, atakayeshinda hapa mlangoni, maji yote ni yake mpaka mavuno."

"Asante. La pili nawauliza hawa wote. Jioni zile tatu mlipopita hapa, mlinisalimuje?"

Watu wakatazamana. Mmoja akasema, "Tulikuuliza, umeshindaje."

"Nikajibu nini?"

"Ulisema umeshinda."

"Wapi?"

"Hapahapa mlangoni."

"Nilisema uongo? Yupo aliyepita jioni asinikute?"

Sasa baadhi yao walikuwa wameanza kuona linakokwenda, na waliokuwa wamekaa wakasimama.

"La tatu nakuuliza wewe, jirani yangu. Siku zile tatu wewe ulishinda wapi?"

Sekiondo hakuona shimo. Mtu wa kujisifu haoni shimo, anaona watu wanaomtazama tu. Akanyoosha shingo akasema, "Mimi nilishinda nyumbani kwangu, nikinywa. Tena sikushinda peke yangu. Nilishinda na Mfumwa mwenyewe."

Mfumwa akakohoa.

"Mmesikia wote," akasema Nakundwa. "Ameshinda kwake, penye pombe. Mimi nimeshinda hapa, penye maji. Mfumwa, hukusema atakayeinua jiwe. Hukusema atakayemwangusha mwenzake. Ulisema atakayeshinda hapa mlangoni. Kutoka asubuhi hadi jioni, ni nani aliyeshinda hapa mlangoni?"

Kelele zikaanza. Wengine wanacheka, wengine wanapiga makofi, Sekiondo anafoka kwamba huo ni ujanja. Eti ujanja. Yeye kuzuia maji kwa wageni wasiooga haukuwa ujanja. Mtenda akitendwa huhisi ameonewa.

"Nilikuwa na maana ya kushinda kule kwingine," akasema Mfumwa. "Kushinda kwa nguvu."

"Ngoma haikusema ni kupi," akasema Nakundwa. "Na ngoma hairudi."

Sasa Mfumwa naye hakuwa mjinga. Mlevi si lazima awe mjinga. Akaona amekamatwa kwa ulimi wake, na hapohapo akatafuta njia ya kutokea. Akainua mkono, watu wakanyamaza.

"Wanangu," akasema kwa sauti ya upole, ile wanayoitoa wakitaka kukuibia mara ya pili. "Neno langu lina vyumba vitatu. Sekiondo ameingia chumba kimoja, Nakundwa ameingia cha pili. Lakini kipo cha tatu. Mtungi usiojaa, wenye maji nusu, tunauitaje?"

Watu wakasema, "Mtungi shinda."

Na kweli, ndivyo tunavyouita. Si mnasema hata leo, debe shinda haliachi kutika?

"Basi shinda ni nusu," akasema Mfumwa. "Na mimi nilimaanisha nusu. Mgawane. Zamu ya huyu, zamu ya yule. Hukumu yangu ndiyo hiyo."

Na watu, ndugu zanguni, wakashangilia. Vigelegele vikapigwa. "Mfumwa ana hekima. Mfumwa amepatanisha. Hakuna aliyekosa." Hata wake za Sekiondo walipiga vigelegele.

Nawauliza ninyi mliokaa hapa. Nusu hiyo ilikuwa ya nani tangu mwanzo?

— Ya Nakundwa.

Ya Nakundwa. Mtu amekuja kudai nusu yake. Amesukumwa kwenye tope, amechekwa, ameshinda na njaa, mahindi yake yameungua ncha, halafu anarudishiwa kilekile alichonyang'anywa, na anatakiwa ashukuru. Na aliyeruhusu anyang'anywe ndiye anayepigiwa vigelegele. Mmewahi kuona wizi unaovaa kilemba? Ndio ule.

Nakundwa akangoja kelele ziishe.

"Mfumwa," akasema, "nusu nilikuwa nayo kabla hujaja. Niliipata kwa jembe, siku tulipochimba. Hukunipa wewe, na leo huwezi kunipa. Unanipa changu mwenyewe kwa mkono wako ili kesho uweze kukichukua tena. Sikitaki hivyo. Siku ile ngoma ilisema maji yote. Kama shinda ni nusu, basi ulisema atakayenusu apate yote, na maneno hayo hayana kichwa wala miguu. Nakudai neno lako lote."

Mwanamke mmoja, mmoja wa wale waliocheka siku ya mieleka, akasema polepole, "Kweli, ilisema maji yote."

Wa pili akasema, "Ilisema yote."

Wa tatu akasema, "Na sisi sote tulisikia."

Mpiga ngoma mwenyewe akaangalia chini, akaitoa ngoma begani akaiweka ardhini. Mfumwa akaona hana wa kumpigia. Akanyanyuka. Akachukua kigoda chake yeye mwenyewe, mtu wa cheo kile, akapanda nacho kilima. Na tangu siku ile hakuna Mfumwa aliyeitwa tena Mruma kuamua kesi ya maji. Walimwita kwa mambo ya mipaka na ya mahari, lakini maji hapana.

Hapo ndipo kila mtu akamgeukia Nakundwa. Maji yote yalikuwa yake. Akashika jembe, akaziba upande wa kulia, akafungua upande wa kushoto. Maji yakaingia shambani kwake. Akasimama akayatazama yanavyopita kati ya mistari, na akalia. Alilia sana, na hakuna aliyethubutu kumwambia nyamaza.

Sekiondo alikuwa amesimama palepale na udongo wake mkononi. Wake zake walikuwa wanafikiria mahindi yao, kwa maana nao walikuwa na watoto.

"Sekiondo," akasema Nakundwa alipopangusa macho, "njoo hapa."

Akaja.

"Sikiliza vizuri, maana sitarudia. Kesho maji yatakwenda kwako. Usinishukuru. Sijakusamehe. Watoto wako hawakunisukuma kwenye tope, na mimi najua mtoto akifa njaa anakufaje. Lakini utayapokea kwangu, hupewi na Mfumwa, na yana sharti. Siku ya zamu yako mimi nitakuwa hapa tangu asubuhi hadi jioni, nakutazama. Siku ya zamu yangu utakuwa hapa wewe tangu asubuhi hadi jioni, unanitazama. Utashinda na mimi, nitashinda na wewe. Tutashindana hivyo hadi mavuno. Siku utakayokosa, naziba kulia na sifungui tena."

Mnaona neno lilivyozaliwa? Kupigana ni kupiga mimi na wewe. Kusemana ni kusema mimi na wewe. Kushindana ni kushinda mimi na wewe, penye maji mamoja, macho kwa macho. Ndivyo alivyolisema Nakundwa mwenyewe, siku ile ya kwanza.

Sekiondo alikubali kwa sababu hakuwa na njia. Siku ya kwanza akaja, akakaa ukingoni, akampa mgongo. Mchana kutwa hakusema neno. Jioni akaenda zake.

Siku ya pili akaja akakaa upande. Akawa anatazama kwa pembe ya jicho yule mwanamke anavyoelekeza maji, anavyofungua mstari na kufunga mstari, hakuna tone linalopotea. Jioni akaenda zake bila neno.

Siku ya tatu akakaa wakitazamana. Mchana ulipofika akasema, na maneno yenyewe yalimtoka kwa shida kama jino, "Mahindi yako yamenipita."

"Nayaona," akasema Nakundwa.

"Kwa nini yamenipita, na mimi nilipata maji mengi kuliko wewe?"

"Kwa sababu wewe ulikuwa unaziba maji, hukuwa unalima. Majani yamejaa shambani kwako mpaka nyoka wanapotea. Kapalilie."

Nani amewahi kumwambia Sekiondo akapalilie? Hakuna. Alikasirika, akanyanyuka, akapiga teke udongo. Lakini siku iliyofuata wake zake walimwona ana jembe, na hawakumuuliza kitu, waliogopa ataacha.

Basi yakaanza. Sekiondo akipalilia mistari kumi, Nakundwa anaona, anapalilia kumi na mbili. Nakundwa akitia samadi, Sekiondo anaona, kesho anamwaga ya zizi zima. Anayechelewa mlangoni anasemwa na mwenzake. "Umelala, jirani?" "Nimelala wapi, nilikuwa nakuja." Kuiba hawawezi, kila mmoja ana macho ya mwenzake. Kuzembea hawawezi, kila mmoja ana shamba la mwenzake mbele ya uso. Wakagombana kila siku, msidhani walikuwa wanaimba. Yule mwanamke alikuwa na ulimi, na Sekiondo mnamjua. Lakini mfereji ulikuwa msafi, na maji yalikwenda kulia, na maji yalikwenda kushoto.

Mavuno yakaja. Nakundwa alivuna akajaza ghala, na wanawe wawili wakala wakashiba mbele ya macho yake. Sekiondo alivuna kuliko alivyowahi kuvuna siku zote za wizi wake.

Siku moja baada ya mavuno, msafiri kutoka ng'ambo ya milima akapita pale mlangoni. Maji hayakuwa na kazi tena, zamu zilikuwa zimekwisha, sharti lilikuwa limekwisha. Akamkuta Sekiondo amekaa ukingoni peke yake, anaangalia njia.

"Unamngoja nani, mzee?" akauliza msafiri.

"Mwanamke mmoja. Leo amechelewa."

"Mkeo?"

"La, wake zangu wako nyumbani."

"Dada yako?"

"Hatuna hata ukoo."

"Basi ni rafiki yako."

"Hajanisamehe," akasema Sekiondo. "Nilimtendea ubaya, na hajanisamehe, na ana haki."

"Kumbe ni adui yako."

Sekiondo akatikisa kichwa. Akatafuta neno. Alijua maneno mengi, alijua majina ya ng'ombe wote wa babu yake, lakini neno la huyu hakuwa nalo. Akalitengeneza palepale.

"Huyu ni mshindani wangu," akasema. "Nisipomwona hapa, silimi."

Mmelisikia? Ndivyo alivyosema aliyelitamka wa kwanza, naye hakuwa mtu mwema. Nisipomwona, silimi. Hakusema nisipomwona nafurahi. Hakusema afe nibaki mimi. Adui hashindi na wewe. Adui anakuja, anakuumiza, anaondoka. Wa kushinda na wewe ni mmoja tu, na ninyi huyo ndiye mnayemnyima salamu.

Nimefungua, maji yamefika. Mwenye jembe akalime, mwenye kinywa akasimulie, na atakayesimulia asilipinde neno.